Jeneza Lililopakwa Rangi ya Chama

Ndugu zangu, sogeeni mbele, walio mlangoni wapate nafasi. Nitasema polepole kama mlivyonizoea, lakini leo moyo wangu hauendi polepole hata kidogo. Uchaguzi umefika, mitaa inapiga kelele, na mimi nina habari ya fundi seremala mmoja ambayo siwezi kukaa nayo peke yangu.

Fundi huyo aliishi katika mji wenye msikiti mmoja, na msikiti huo ulikuwa na jeneza moja. Mnalijua jeneza la msikiti. Halina mwenyewe. Akifa tajiri linatolewa stoo, akifa mchukuzi linatolewa stoo. Watu wanapokezana mabega mpaka makaburini, kisha linarudishwa kumngoja mwingine. Sasa mguu mmoja wa jeneza ulikuwa umelegea na mbao zimechakaa. Imamu akampelekea fundi alitengeneze, kisha yeye akasafiri kwenda kumwuguza ndugu yake.

Ikaja siku ya matokeo. Fundi alikuwa karakanani kwake, redio karibu na sikio. Chama chake kikatangazwa! Lo! Mnaijua furaha ile? Aliruka, akagonga kichwa kwenye boriti, wala hakusikia maumivu. Nje honi zinalia, wanawake wanapiga vigelegele. Mbele yake kulikuwa na kopo la rangi ya chama, lililobaki alipomaliza kupaka mabango. Akapaka mlango wa karakana. Akapaka baiskeli yake mpaka vishikio. Kopo bado halijaisha, furaha bado haijaisha, na jeneza lile liko pale pale, limeshatengenezwa, linangoja kupakwa.

Akalipaka.

Rangi gani? Sisemi. Nikiitaja tu, nusu yenu mtatabasamu na nusu mtanuna, na mfano wangu utafia hapa hapa.

Kesho yake akajitwika jeneza, akalipeleka msikitini huku anaimba. Njiani akakutana na jirani yake, mwoka mikate, mtu wa chama kile kingine, mikono imejaa unga.

"Fundi! Umefanya nini? Hilo ni la watu wote!"

"Na litabaki la watu wote," fundi akacheka. "Mkifa mtalipanda, mpende msipende. Hata huko mtakwenda kwa usafiri wetu!"

"Mimi? Bora niburuzwe kwenye mkeka!"

Haikupita wiki, mwoka mikate na wenzake wakachongesha jeneza lao kwa fundi wa mji wa pili, wakalipaka rangi yao, wakaliweka uani kwake. Msikiti mmoja, majeneza mawili! Fundi akaapa barazani mbele ya watu kwamba bega lake halitaingia chini ya jeneza lile maisha yake yote. Mwoka mikate naye akaapa vivyo hivyo kwa lile la fundi. Na watu wakawashangilia, kila upande na wake.

Fundi alikuwa na mama yake mzazi, mtu mzima, kifua kinamsumbua. Siku ile ya ushindi, alipoweka brashi chini, alimkimbilia yeye kwanza.

"Mama, tumewashinda!"

"Mmemshinda nani, mwanangu?"

"Wale wa kwa mwoka mikate!"

"Wale wanaoniletea mkate wa moto kila asubuhi?"

"Mama, hii ni siasa. Huielewi."

"Kweli, siielewi," bibi akasema, akaendelea na uradi wake. Lakini habari za jeneza la pili zilipomfikia, alimwita mwanawe akamkalisha chini. "Nasikia sasa tuna majeneza mawili. Basi huu ndio wasia wangu. Nikifa, usinibebe kwa hilo lako. Nenda kwa mwoka mikate, umwombe lake kwa mdomo wako mwenyewe."

"Mama! Mji mzima utanicheka!"

"Na wakucheke. Mimi sitasikia."

Fundi alidhani atapata miaka ya kumbembeleza abadili wasia. Hakuipata. Alhamisi moja, baada tu ya adhuhuri, bibi alitamka shahada yake, akafumba macho.

Ndugu zangu, hebu niambieni, ile furaha ya ushindi ilikwenda wapi? Fundi alisimama ukumbini, wanawake wanachemsha maji ya kuoshea, naye akawaza: wasia ule hakuna aliyeusikia ila mimi na yeye. Nikichukua jeneza langu, nani atajua? Na nikienda kwa yule bwana, akinifungia mlango usoni, mama yangu atabebwa na nini? Alasiri ilikuwa inakaribia. Akajua kwamba Mwenyezi Mungu aliusikia wasia. Akavaa kofia, akaenda.

Alibisha hodi. Mke wa mwoka mikate akafungua, macho mekundu kwa kulia.

"Pole, baba. Mwenyewe ametoka. Umekuja kuchukua jeneza? Lile pale. Chukua."

Basi. Hakuulizwa neno. Alijitwika kichwani, rangi ile ile aliyoapa kutoibeba, akatoka huku haoni njia kwa machozi. Alipofika kwenye bomba la maji akaona mtu anakuja upande wa msikiti, naye ana jeneza kichwani. Fundi alilitambua kwa mbali, maana ni brashi yake mwenyewe iliyolipaka. Na chini ya jeneza, jasho likimtiririka, alikuwa mwoka mikate.

"Unalipeleka wapi hilo?" fundi akauliza.

"Kwenu. Na wewe hilo?"

"Kwetu."

Mwoka mikate akaeleza: "Bi Mkubwa aliniita. Akaniambia, siku yangu ikifika usikubali nibebwe kwa lenu. Kachukue la mwanangu, ulilete mwenyewe."

"Mimi aliniusia la kwenu!"

Wakatazamana, kila mmoja na kiapo chake kichwani. Mwoka mikate ndiye aliyeanza kucheka, fundi akafuatia, wakacheka huku wanalia.

"Bi Mkubwa ametuweza!"

"Ametuweza, wallahi!"

Wakafika nyumbani, wakayatua yote mawili mbele ya waombolezaji. Na hapo wakaanza kubishana tena, lakini sikieni ubishi wenyewe! "Abebwe kwa lenu!" "Hapana, kwa lenu! Wasia ni wasia!" Wakabishana mpaka mwosha maiti akatoa kichwa mlangoni.

"Marehemu yuko tayari. Jeneza liko wapi?"

"Yako mawili, bibi," fundi akajibu.

"Mawili? Kwani mmefiwa na wangapi?"

Fundi akaingia ndani, akatoka akiburura kitanda cha kamba alichokuwa akilalia mama yake. Mwoka mikate akadaka upande wa pili. Kwa kitanda hicho marehemu akatolewa. Watu wa pande zote mbili wakasukumana kutafuta nafasi, bega linatoka, bega linaingia, na fundi hakujua ni nani anayempokea na nani anayempisha. Viapo vyao walivyovivunja wakavitolea kafara, wakalisha maskini.

Sasa sisi. Sisi tumepaka vitu vingapi? Salamu zetu tumezipaka rangi. Duka la kununulia sukari tunachagua kwa rangi. Hata dua, mtu anaangalia kwanza mwombaji ni wa wapi ndipo aseme amina. Simwambii mtu asipige kura. Pigeni! Pangeni foleni asubuhi na mapema, na mkishinda shangilieni, furaha si dhambi. Lakini kuna vitu Mungu ametupa tuvitumie pamoja, na brashi yako ikivifikia, iweke chini.

Juzi mlinibebea mke wangu. Njia nzima niliona mabega tu. Sikumjua wa chama hiki wala wa chama kile, na Mungu ni shahidi, sikutaka kujua.

Basi kama yuko mtu humu ambaye hajamsalimu jirani yake tangu kampeni zianze, na jirani huyo yuko safu ya nyuma yake, tukishatoa salamu ya kumaliza sala amgeukie. Asingoje kuvaa viatu.