Ngiri Alipokuwa Bwana Ghala

Sogea karibu. Rudisha ule mlango, usiache mwanya. Sasa weka kidole juu ya midomo yako uape kwamba haya nitakayokwambia hayatoki humu ndani. Umeapa? Vizuri. Bibi yangu Mwanamvua aliniapisha hivyo hivyo tukimenya mihogo nyuma ya jiko. Alisema hizi ni habari za ndani za ukoo wa watu, na si vizuri kuzitembeza. Nikaapa, tena kwa sauti. Kabla mihogo haijaiva nilikuwa nimeshamsimulia shoga yangu Somoe, na Somoe alimsimulia nani sijui, ila jioni kisima kizima kilikuwa kinacheka. Kwa hiyo kiapo chako nimekipokea, lakini sikitegemei sana.

Umewahi kumwona ngiri akila? Anapiga magoti. Mnyama mzima, ana meno ya kutisha, anapiga magoti mbele ya majani kama mtu anayeomba radhi. Ukimshtua anakimbia na mkia wima, na akifika nyumbani kwake anaingia kinyumenyume. Shuleni watakwambia ni shingo fupi. Hayo ni ya shuleni. Mimi nakupa ya jikoni.

Zamani nyika ilikuwa nchi moja yenye ghala moja. Ee, mwanangu, ungeiona nchi ile! Masika yakikolea, kila mwenye kwato, makucha au mdomo alitoka kuchimba na kuokota: viazi vya porini, mizizi mitamu, mbegu za nyasi, ukwaju. Alikula akashiba, na kilichobaki akakipeleka ghalani, shimo kubwa lililochimbwa ubavuni mwa kilima. Hakuna aliyeuliza nani kaleta kingi na nani kaleta kiduchu. Walipeleka wakiimba, na wimbo wenyewe ulikuwa na kiitikio cha kipuuzi ambacho bibi yangu alikisahau, na mpaka anakufa alikuwa bado anakitafuta. Kiangazi kikifika, mwenye njaa alikuja, akachukua cha kumtosha, akaenda zake. Mlango haukuwepo. Bibi alipofika hapo alikuwa akisahau kumenya, kisu mkononi, kana kwamba katika ile nchi aliwahi kukaa yeye mwenyewe.

Mbele ya ghala palikuwa na uwanja wa baraza, na ng'ambo ya uwanja palikuwa na nyumba ya Ngiri. Liweke hilo akilini: ghala huku, nyumba ya Ngiri kule, uwanja katikati.

Siku hizo Ngiri alikula amesimama, kifua mbele, akitafuna polepole kama bwana harusi anayetazamwa. Mkia wake ulining'inia nyuma kwa adabu, na nyumbani kwake aliingia kwa kichwa kama watu wengine. Alikuwa fundi wa kuchimba, hana mpinzani. Basi wananchi walipoongezeka, na panya wageni walipoanza kupitapita, baraza likamteua awe Bwana Ghala. Wakaweka mlango wa miiba, naye akakaa hapo.

Mwanzoni alifanya kazi vizuri, nisimsingizie. Kisha kuna mmoja akamletea kiazi kitamu, cha asante tu, kwa roho safi. Ngiri akakila, akakiona kitamu kuliko vyote vya ghalani. Aliyefuata alikuja mikono mitupu, na Ngiri akamchungulia nyuma ya mgongo kuona kama ameficha kitu. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia, kwenye kule kuchungulia.

Haukupita muda, ukifika ghalani unaambiwa, "Mhusika hayupo."

"Lakini mhusika si wewe, Bwana Ghala?"

"Mimi nipo. Mhusika ndiye hayupo. Njoo kesho."

Ukija kesho na kitu, mhusika amerudi. Ukija bila kitu, mhusika yuko safarini. Tena akazua na adabu mpya: mwenye shida aseme akiwa amepiga magoti mlangoni. Wakapiga. Njaa, mwanangu, huikunja miguu ya mtu bila yeye kutaka.

Sasa alikuwepo Kanga, mjane, ana vifaranga wengi hata majina anayachanganya. Kichwani alikuwa na shungi la manyoya laini ajabu, meusi yenye kumeremeta, na kila asubuhi alilichana kabla ya kutoka. Kiangazi kilipokaza, alikwenda ghalani.

"Shikamoo, Bwana Ghala."

"Marahaba. Umekuja na nini?"

"Nimekuja na njaa ya watoto wangu."

"Njaa kila mtu anayo, mama. Hiyo si zawadi." Akamtazama kichwani. "Kitanda changu ni kigumu siku hizi. Mgongo unaniuma, nashindwa kuwatumikia wananchi."

Kanga alielewa. Alipiga magoti, akainamisha kichwa, akafumba macho, na Ngiri akamnyonyoa shungi lote, unyoya kwa unyoya, akipiga mluzi. Akampimia mbegu za siku ile tu. Alipofika nyumbani, vifaranga hawakumtambua. Yule mdogo wao alikimbia akilia kwamba kuna mgeni anatisha. Kanga akawaita kwa sauti yake mpaka wakaja, wakala. Yeye hakula. Alikaa akiwaza kesho atanyonyolewa nini, na keshokutwa nini, na ikifika zamu ya mabawa itakuwaje.

Wakati huo Ngiri alikuwa ameshachimba njia ya chini kwa chini kutoka chumbani kwake hadi ndani ya ghala. Ilipita chini ya uwanja wa baraza, chini ya miguu ya nchi nzima. Aliichimba harakaharaka, ikawa fupi kwenda juu, hivyo humo hakuweza kupita ila kwa magoti. Mizigo aliing'ata kwa meno akaivuta kinyumenyume hadi nyumbani. Mchana, watu wakijinyoosha vivulini, yeye alikuwa chini huko akivuta.

Ghala likaanza kuonyesha sakafu. Ngiri alipoona wananchi wanaanza kuulizana, akawahi yeye. Akatoka uwanjani, akajigaragaza vumbini, akapiga yowe.

"Ndugu zangu, tumeingiliwa! Kuna mwizi! Anatuibia jasho letu!"

Baraza likaitwa. Mwenyekiti alikuwa Simba. Yeye hakula mizizi, ila wote aliowala walikula mizizi, kwa hiyo habari za ghala zilimgusa. Swali likawa moja: mwizi wa mali ya wote akipatikana, afanywe nini?

"Nitamla," alisema Simba.

"Mwenyekiti," Nyani aliuliza, "hiyo ni hukumu au ni chakula cha mchana?"

Watu wakaangua kicheko, Simba akakasirika kidogo. Nyani akasema mwizi afukuzwe nchini. Fisi akasema hapana, atozwe faini tu, na hiyo faini itunzwe kwake Fisi kwa usalama. Akazomewa hadi akakaa chini.

Kanga akasimama na kile kipara chake. Wapo waliochekea viganjani. Alingoja wamalize.

"Mwenyekiti, ukimla leo, masika yajayo tutabishana alikuwa nani, na wapo watakaosema alionewa. Tukimfukuza, atafika nchi ya watu aseme kwetu alikuwa mkubwa, wampe ghala lao alisimamie. Faini ataichota humo humo ghalani. Mimi nasema aachwe. Aishi, ale, azeeke hapa hapa. Lakini vile atakavyofumwa, abaki vile vile maisha yake yote, mbele ya macho yetu. Kila anayetamani kushika mali ya watu, amtazame kwanza yeye."

Ngiri aliona asiposema sasa watu watamtazama. Akaruka katikati.

"Naunga mkono! Tena huyu mama ana huruma mno. Abaki hivyo yeye na uzao wake wote!"

"Watoto wake wana kosa gani?" Kanga aliuliza, naye alikuwa akiwaza wa kwake.

"Wewe mama hujui kuongoza nchi. Bila kutisha hakuna adabu. Na uzao wake, nimesema!"

"Basi iwe kama alivyosema Bwana Ghala," akaamua Simba. "Tuikanyage. Tukishamaliza tunaingia ghalani sote, tuone kilichobaki."

Hapo nikueleze. Sheria katika nchi ile haikuandikwa, ilikanyagwa. Kila raia alipita katikati ya uwanja, akapiga mguu chini kwa nguvu, wadogo kwanza, wakubwa mwisho. Ikishakanyagwa na wote haifutiki tena, hata na Simba. Ila Tembo, siku hizo za karibuni, alikuwa akikanyagia mbali, kando ya mto. Ngiri ndiye aliyemwomba. Alisema Babu Tembo anatimua vumbi, watoto wanakohoa. Watu wakamsifu Bwana Ghala kwa kuwajali watoto.

Ilipofika zamu yake, Ngiri alikanyaga kwa kishindo kuliko wote. Kisha akamwinamia mwenyekiti.

"Niruhusu niende nyumbani mara moja nikachukue ufagio. Ndani ya ghala ni pachafu, naona haya kuwakaribisha wakubwa."

Akaruhusiwa. Angekuwa mwingine angekwenda kurudisha walau kidogo, kufunika aibu. Yeye aliwaza hivi: mwizi ameshatajwa, basi na abebeshwe yote. Akapiga mbizi katika ile njia yake, akapita chini ya miguu ya wale wanaoikanyaga sheria juu yake, akafika ghalani, akang'ata furushi la mwisho la viazi, akaanza kulivuta.

Juu, foleni ilikuwa inasogea. Kanga alikuwa anachakura uwanjani. Mazoea tu, kutafuta mbegu moja iliyosahauliwa. Ukucha wake ukagonga ardhi, ardhi ikalia kama chungu kitupu. Akainamisha kile kichwa kisicho na shungi, akaweka sikio chini. Kwaruu. Kwaruu. Halafu pumzi nzito, ya mtu anayevuta mzigo. Na ile pumzi aliijua. Aliisikia shingoni kwake siku ile akiwa amefumba macho.

Hakupiga kelele. Nani angemsikiliza mwenye kipara? Alikwenda mbio hadi mtoni.

"Babu Tembo, shikamoo. Leo njoo ukanyagie katikati na wenzako."

"Marahaba, mjukuu wangu. Lakini Bwana Ghala amenikataza. Natimua vumbi."

"Bwana Ghala amekwenda kuchukua ufagio."

Tembo alifikiri, polepole, kama anavyofanya kila kitu. "Ah. Basi litafagiliwa," akasema, akaja.

Watu wakampisha. Kanga akamwelekeza, sogea kulia kidogo, babu, hapo, hapo hapo. Simba amekaa, Nyani amekaa, Fisi amekaa, vifaranga wamejipanga mstari mbele kabisa. Tembo akainua mguu, akaikanyaga ile sheria. Na kwa kuwa yeye ndiye wa mwisho, sheria ikakamilika pale pale.

Ardhi ikadidimia. Vumbi likapanda, watoto wakakohoa kweli. Lilipoanza kutulia, kitu cha kwanza kilichotokea shimoni kilikuwa mkia. Umesimama wima, unatetemeka, na kijishada cha nywele nchani.

Na tangu siku hiyo ngiri hula kwa magoti, hukimbia na mkia wima, na nyumbani kwake huingia kinyumenyume, yeye na watoto wa watoto wake ambao hawakuiba hata punje, kwa neno lililotoka kinywani mwake mwenyewe. Kanga naye kipara anacho hadi leo. Manyoya yake yalipatikana kitandani kwa Ngiri yamelaliwa hadi yamekuwa unga, hayarudishiki. Na lile ghala lisilo na mlango halikuwepo tena. Hata baadaye ghala lilipojaa tena, watu walikuwa wakichunguliana nyuma ya mgongo. Hilo ndilo bibi yangu aliloliona kubwa kuliko wizi wenyewe.

Lakini yeye hakupenda kuishia huko kwenye majonzi. Alipenda turudi shimoni, tusimame ukingoni pamoja na nchi nzima. Vumbi limetulia. Ngiri yuko magotini, nyuma mbele, furushi la viazi vya watu limebana kwenye meno hawezi kulitema wala kulimeza, na macho yote ya nyika yako juu yake. Kanga anasogea mpaka ukingoni na vifaranga wake, anainama, na kwa adabu zote, kama alivyofundishwa mlangoni, anauliza:

"Bwana Ghala, leo mhusika yupo?"