Sange na Makamasi ya Tembo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakiazimana sufuria, Tembo alikuwa na jirani aitwaye Sange. Sange ni kijinyama kidogo kama panya, ila ana kipua kirefu kinachochezacheza.

Siku moja Sange alikwenda kwa Tembo kuomba chumvi, naye ana mafua. Chyaa! Akapiga chafya pale pale mlangoni.

Haukupita muda mrefu, Tembo naye akaanza. Mkonga ukavimba, ukaziba, ukawaka moto. Makamasi chururu, chururu, mpaka mkewe, Bi Ndovu, akaleta beseni.

"Sadge!" Tembo akanguruma. "Ubedijaza bakabasi! Leo dakukadyaga!"

Maskini, alitaka kusema: umenijaza makamasi, leo nakukanyaga!

Mguu ukainuka. Lakini ulimi wa Sange haukulala.

"Shikamoo, mzee! Beseni zima litoke kwangu mimi, niliye mdogo kuliko ukucha wako?"

"Libetoka wapi basi?"

"Kwako mwenyewe! Mimi nimekuletea kijidudu tu, hata hakionekani. Walinzi wa mwili wako wamekiona, wakaitana. Damu imejaa puani, ndiyo maana pamevimba na panawaka. Na hayo makamasi wanayamwaga wao, wakifukuze."

"Waabbie watoke!"

"Wakitoka sasa, pua yako itabaki peke yake na kijidudu."

"Sasa difadyeje?" Tembo akauliza.

"Wewe lala, nitazungumza nao," Sange akasema. "Lakini shusha mguu polepole. Wakisikia kishindo watadhani vita vimeongezeka, wazidishe moto!"

Mguu ukashuka, taratiiibu. Tembo akanywa uji, akalala. Sange akakaa karibu na sikio lake akinong'ona, "Psss, psss," na kila uji ulipopikwa, naye akapata bakuli lake. Tembo akianza kununa tu, Sange anamwambia, "Shii! Walinzi wanasikia!"

Baada ya siku chache mkonga ukazibuka. Paaaa!

"Nimepona!" Tembo akashangilia. "Hebu niambie, uliwaambia nini?"

Sange alikuwa ameshafika mlangoni pa shimo lake, mkia ndani, kipua nje.

"Sikuwaambia kitu, mzee! Walimaliza kazi yao, wakaenda zao. Mimi nilikuwa nangoja hasira zako zipoe!"

Tembo akautazama mguu wake. Akalitazama lile shimo dogo. Kisha akacheka, kwa kwa kwa, mpaka vyombo vya Bi Ndovu vikaanguka.

Basi wanangu, mkishikwa na mafua msiukasirikie mwili, maana huo unaowasumbua ndio unaowapigania.