Ndiyo ya Woga

Wapendwa, alikuwapo mama mmoja aliyehamia ng'ambo na watoto wake, katika mji wa theluji. Alitoka katika kambi ya wakimbizi, na huko alikuwa amejifunza jambo moja: ukiitwa ofisini, itikia ndiyo. Aliyeuliza maswali alirudishwa nyuma ya foleni. Aliyeitikia alipata unga mapema, akarudi kwa watoto.

Binti yake mkubwa alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Kila mwaka alipanda darasa pamoja na wenzake, na mama alimshukuru Mungu. Kitenge cha mahafali alikwisha kukinunua. Kitoto chake cha mwisho kikilala, alikitoa kile kitenge kabatini, akakipapasa, akakirudisha.

Siku moja simu ikalia. Aliposikia neno shule, moyo ulimwenda mbio. Nani kati yetu hupigiwa simu na shule kwa habari njema? Dada mkalimani, aliyepiga kwa niaba ya shule, alikuwa mpole, hata akauliza kile kitoto kinacholia kina umri gani. Kisha akasema binti amepungukiwa krediti. Mama alijua krediti: ile unayoweka kwenye simu ili uongee. Akashangaa simu ya mtoto inaihusu nini shule, lakini aliogopa kuonekana mshamba. Dada akaendelea kueleza, maneno yakapita kama maji, na mwisho akauliza, "Umeelewa, mama? Tufanye hivyo?"

"Ndiyo," mama akajibu. "Ndiyo, asante sana."

Jioni akamwekea binti krediti ya simu. Binti akamtania kwamba leo jua limechomoza upande mwingine. Wakacheka.

Majira ya baridi yalipokwisha, mama akaitwa shuleni. Alikwenda, binti akimshika mkono. Yule dada mkalimani alikuwapo, pamoja na mwalimu mshauri. Walimweleza kwamba katika nchi ile kupanda darasa si kufaulu. Kila somo unalofaulu hukupa krediti yake, na zikitimia ndipo unahitimu. Mwaka kitoto kilipozaliwa, binti alikosa asubuhi nyingi akimsaidia mama. Hesabu ikamshinda. Darasa alipanda, krediti ya hesabu haikuja. Binti aliinamisha kichwa. Alidhani kupanda kumeyafuta yote.

"Basi arudie," mama akasema. "Hakuna darasa la kurudia?"

Dada akamgeukia. "Lilikuwapo la jioni, mama. Tulimshikia nafasi. Nilikwambia kwenye simu kwamba wengine wanaisubiri, nikauliza, kama hamtaihitaji, tumpe mwingine. Ukasema ndiyo."

Wapendwa, mama hakulia. Alimtazama binti yake, kisha akasema kwa sauti ndogo neno ambalo hakuwahi kulisema ofisini maisha yake yote.

"Sikuelewa."

Akangoja kufukuzwa. Dada akavuta kiti, akaketi ubavuni mwake. "Basi tuanze upya. Na leo unikatize, mama. Nikatize kila unapopotea."

Lilikuwapo darasa jingine, la likizo, baada ya mahafali. Binti alilisoma na kulimaliza. Lakini siku ya mahafali, majina yaliposomwa, la kwake halikusomwa, na kitenge kilibaki kabatini.

Mnamhurumia? Hata mimi. Ila nani alimnyang'anya binti ile nafasi? Si mwalimu, si lugha ya wageni. Ni ndiyo ya mama anayempenda kuliko roho yake, ndiyo iliyotoka kwenye woga.

Na sisi je? Tunaketi hapa mwaka baada ya mwaka, tunadhani kuketi kunatosha. Neno linasomwa, tunaitikia Amina. Tunaulizwa kama tumesamehe, Amina. Tunajua tulichoitikia? Au tunamwogopa Mungu kama karani wa kambini, kwamba tukiuliza ataturudisha nyuma ya foleni? Ndugu zangu, Yeye ndiye anayevuta kiti.

Tangu nianze kusema mmeitikia Amina mara nyingi. Sasa sitaki nyingine. Nitanyamaza kidogo, na asiyeelewa ainue mkono.