Tuta la Kwanza ni Lipi?

Masika ya mwaka 1978 yalipokaribia, kitalu cha kahawa cha kijiji kimoja huko Oldeani kilikuwa kimependeza ajabu. Matuta kumi yalilala sambamba, moja baada ya jingine, kutoka barabarani hadi mtoni, na miche yake ilifanana kama shilingi kwa ya pili. Ilibaki siku moja tu wakulima wa kijiji cha Qurus waje kuichukua, maana mibuni yao ilikuwa imekaushwa na ugonjwa.

Asubuhi hiyo Bwana Shamba Martini alipita mbiombio, hata injini ya Landrova hakuizima.

"Elieshi! Tuta la pili, la tano na la nane ni ile mbegu ya zamani isiyohimili ugonjwa. Yang'oeni leo leo. Mimi nawahi kikao Karatu!"

Akatimua vumbi, akaenda zake.

Elieshi alikuwa msimamizi mpya wa kitalu, na macho ya wafanyakazi wote yalikuwa kwake. Philbert, mcheshi wa kundi, alikwisha kushika jembe na kusimama kwenye tuta la pili kutoka barabarani.

"Philbert, ngoja. La pili kutoka wapi? Barabarani au mtoni?"

Kicheko kikalipuka.

"Jamani! Darasa la saba lote lile, kumbe kuhesabu mpaka kumi kumemshinda!" Philbert alitania.

"Kuhesabu naweza. Pa kuanzia ndipo sipajui. Nitamfuata nikamuulize."

Monika, shoga yake, akamvuta kando. "Elieshi, ukikimbilia kuuliza jambo dogo hivi, kesho nani atakuheshimu?"

Maneno hayo yalimchoma kama mwiba. Lakini aliwawazia watu wa Qurus wakipanda tena mibuni ya kufa. Akajifunga khanga kibwebwe.

"Asiguse mtu mche hata mmoja!" akasema, akachomoka mbio kupitia njia ya mkato.

Bahati ilikuwa yake. Ng'ombe wa Mzee Saruni walikuwa wakivuka barabara kwa maringo, na Landrova imesimama ikiwangoja.

"Shikamoo, Bwana Shamba!"

"Marahaba. Kulikoni, kitalu kinaungua?"

"Hapana," Elieshi alisema akihema. "Tuta la kwanza ni lipi?"

Martini alijipiga kofi kwenye paji la uso. "Lo! Ni la mtoni! Huko ndiko tulikoanzia kupanda, nami sikuwaambia. Panda gari, turudi."

Walimkuta Philbert ameegemea jembe palepale.

"Hilo ulilosimamia," Martini alimwambia, "ni la mbegu mpya."

Philbert aliliachia jembe kama limeshika moto. "Kumbe ningeng'oa mazuri na kuwaachia watu wa Qurus mabovu yote! Dada, nisamehe."

Elieshi alicheka tu, akawaongoza kuhesabu kutoka mtoni.

Miaka michache baadaye mashamba ya Qurus yaliiva buni nyekundu tele. Siku ya mavuno ya kwanza wenyeji walimwalika Elieshi, wakamwimbia na kumtunza khanga, na Philbert akapiga vigelegele kuwashinda akina mama. Hakika, kuuliza si ujinga.