Mtoto wa Julai ya Joto

Sogeeni, tegeni masikio, na mwenye haraka zake aondoke sasa, maana hadithi hii haimwachi mtu bila kumpa kazi.

Huko Ilevelo, juu milimani, waliishi watu watatu wenye vipaji. Bibi Tulinagwe alikuwa na kumbukumbu: kila asubuhi ya sakitu, ile barafu nyembamba inayounguza majani ya viazi, alichonga alama kwenye mwimo wa mlango wake, miaka arobaini bila kukosa. Kastori alikuwa na masikio, aliyoyanoa kwenye mashamba ya mpunga bondeni. Fidea alikuwa na miguu. Alipanda mlima na gunia la viazi mgongoni huku akipiga soga.

Basi ukaja mwaka ambao Juni ilipita, Julai ikaingia, na sakitu haikuonekana. Watu wakavua masweta. Wapo walioshangilia, wapo waliowalaumu wachoma mkaa, wapo waliosema ni mwisho wa dunia, na wapo walioapa kwamba redio imesema baridi inakuja Jumanne. Jumanne ilikuja peke yake.

Eselina, mama mmoja wa hapo kijijini, hakuwa na muda wa mabishano. Binti yake Lusungu, wa miaka sita, alikuwa akitetemeka na kuweweseka. Akafanya kile ambacho kila mama wa Ilevelo hufanya Julai: akamfunika mablanketi matatu, akakoka moto, akafunga dirisha. Kwao homa ya Julai ni kichomi, basi. Mtoto akazidi kuwaka. Eselina akaongeza kuni.

Bibi Tulinagwe akaingia, akayatupa mablanketi chini.

"Mwanangu, utamuua! Mlangoni kwangu mwaka huu hakuna alama hata moja. Baridi haikuja, ugonjwa wa baridi utatoka wapi? Tafuta mwingine."

"Mwingine upi, Bibi?"

"Hilo silijui, mwanangu," akasema Bibi, akalifungua dirisha.

Kastori, aliyekuja kujulia hali, akainua kidole wanyamaze. Kijiji kizima kilikuwa kikimcheka kwa kutundika chandarua Julai.

"Mnasikia?"

"Si inzi tu huyo," akasema Eselina.

"Shemeji, huyo ni mbu. Nimelala naye miaka tisa kule mpungani, simkosei. Mtoto ana malaria, na imeshampanda kichwani."

Lakini dawa hakuwa nayo. Zahanati ya kijiji nayo haikuwa nayo, kwa kuwa malaria haikuwahi kupanda mlima ule.

Fidea aliyasikia hayo asubuhi hiyo akiwa mlangoni. Alikaza kanga kiunoni, akashuka bondeni kwenye kituo cha afya, mwendo ambao wengine huenda na kurudi kwa kutwa nzima. Jua halijafika utosini, alikuwa amerudi na tabibu anayehema, mkoba wa sindano kaubeba yeye Fidea kichwani.

"Mngechelewa saa moja tu," akasema tabibu, "mngeniitia msiba."

Jioni mtoto akaomba uji. Eselina akalia kwa sauti.

Sasa, Ilevelo wana desturi. Mgonjwa aliyeponea chupuchupu hutupa jina lake, ili ugonjwa ukirudi kumwita asiitike. Hupewa jina la aliyemwokoa, moja tu, na haitwi kwa jina lolote mpaka alipate. Mwenye jina humlinda kama mwanawe, na akizeeka mtoto humtunza.

Wakaja wote watatu.

"Bila mimi angeiva ndani ya mablanketi," akasema Bibi.

"Bila mimi mngekuwa bado mnautafuta ugonjwa," akasema Kastori.

"Bila mimi," akasema Fidea, "mngemzika huku mnajua kilichomuua."

Wazee walibishana siku nne. Nje joto halikupungua, na katika nyumba mbili za jirani watoto walikuwa wameanza kutetemeka. Watu hawakujua hata Eselina wamwite mama nani. Naye aliwaza: ugonjwa ungali unazunguka kijijini, na binti yake hana jina la kumkinga. Akamkumbatia.

"Mama," mtoto akanong'ona, "nikipotea utaniita nani?"

Eselina akamfunga mgongoni, akatoka kuwaendea wazee.

Haya, ninyi mliokaa kwa raha zenu: jina ni moja, wanaolistahili ni watatu. Mngempa nani? Semeni upesi, mama yake anangoja.