Makopo Tisa ya Mzee Mabhena

Mkulima wa kweli hupewa jembe lenye mpini uliopinda, akalitazama mara moja, akaenda nalo shambani. Yule anayeinua hili dukani na kulishusha lile, akipima uzito na kugonga bapa kwa kucha, mara nyingi ana lake jambo: analiogopa jua. Ndiyo maana wahenga wakasema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii haimkatazi mtu kuwa na zana nzuri. Inamwonya yule ambaye kuchagua zana kumegeuka kuwa ndiyo kazi yenyewe, hata msimu ukampita akiwa bado dukani. Kisa cha Mzee Mabhena wa Mpopoma, hapa Bulawayo, ni ushahidi wa kutosha.

Mabhena alikuwa amestaafu kazi ya karakana ya reli. Alikuwa na Peugeot 404 ya kijani aliyoinunua akiwa kijana, na injini yake bado iliitikia ufunguo kwa mara ya kwanza hata asubuhi za baridi kali ya Juni. Tatizo lilikuwa rangi. Miaka ya kulala juani ilikuwa imeipausha, na juu ya paa na boneti ilifanana na jani la kabichi lililosahauliwa sokoni. Mwenyewe hakujali sana, maana gari lilikuwa linatembea.

Mwezi wa Mei binti yake wa pekee, Nobukhosi, alikuja kutoka Gweru alikokuwa mwuguzi. Alileta habari kwamba harusi yake ingefungwa Jumamosi ya pili ya Agosti. Shangazi zake bwana harusi walikuwa wamekwisha kutoa gari jeupe, refu, lenye viti vya ngozi, limpeleke bibi harusi kanisani. Nobukhosi hakulitaka. Alikuwa amelelewa katika kiti cha nyuma cha Peugeot ile. Ndiyo iliyomtoa hospitalini alipozaliwa, na ndiyo iliyompeleka shule ya bweni akilia njia nzima.

"Baba, mimi nataka kwenda na gari letu," alisema. "Ila ling'ae. Nikishuka kwenye gari lililopauka, wale shangazi watanicheka mpaka nizeeke."

"Mwanangu, niachie mimi," akajibu Mabhena. "Litang'aa mpaka mtaa mzima uvae miwani ya jua."

Siku ile Mabhena alifurahi kupita kiasi. Mwanamke aliyesoma, mwenye kazi yake, alikuwa amekataa viti vya ngozi kwa ajili ya gari la baba yake. Hakuna heshima aliyowahi kupewa ikalingana na ile, hata saa ya ukutani aliyopewa na wenzake wakati wa kustaafu. Na alikuwa na miezi mitatu, muda wa kutosha kulipaka rangi upya lote kama angetaka.

Kazi ilianza vizuri, kwa maana ya maneno. Mabhena alizunguka maduka yote ya vipuri mjini akiuliza habari za nta na polishi, na baada ya majuma mawili alikuwa amegeuka mhadhiri. Polishi, aliwaeleza wenzake kwenye bustani ya bia, hukwangua ile rangi iliyokufa juu na kuibua iliyo hai chini yake. Nta haikwangui kitu. Hukaa juu ya rangi na kuikinga na jua. Kwa hiyo ni polishi kwanza, nta baadaye. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna aliyemzidi kuyaeleza.

Ugumu ulikuwa katika kuamua. Fundi mmoja alimwambia kijani kinataka nta ya maji. Mwingine akasema nta ya maji huacha chokaa kwenye maungio ya milango, na kwamba kijani kinataka nta ngumu ya kopo. Wa tatu akamwonya kuwa kijani hakifichi mkwaruzo, hivyo polishi yake lazima iwe laini kuliko poda ya mtoto. Mabhena aliwasikiliza wote, akanunua kutoka kwa wote. Kufikia mwisho wa Juni alikuwa na makopo tisa dirishani, na kwenye boneti alikuwa amebandika utepe na kuigawa vyumba tisa, kila kopo na chumba chake cha majaribio. Kila asubuhi alisimama mbele ya vyumba vile, mikono nyuma, akiinamisha kichwa huku na huku.

Mkewe, MaDube, alikuwa mtu wa maneno machache yenye ncha. Siku moja aliweka ndoo chini akaitazama boneti kwa muda.

"Baba Nobukhosi, hili gari lina choa?"

"Ni utafiti, mama. Hiki chumba cha nne kimeshika vizuri, ila cha saba kina kina zaidi."

"Nipe kopo lolote na siku mbili, nikuonyeshe kina."

Hakuwa akijigamba. Baraza lake la saruji lilikuwa jekundu la kumeremeta, na tangu aolewe alilisugua kila Jumamosi kwa brashi na sabuni kabla ya kugusa kopo la polishi, akapaka kidogo tu, kisha akapiga magoti na kipande cha blanketi mpaka mikono ikauma. Alitumia polishi yoyote iliyokuwapo dukani siku hiyo. Mabhena alimjibu kwamba gari si sakafu, na MaDube akabeba ndoo yake akaenda zake.

Jirani wa upande wa kushoto, Tshuma, mwokaji mikate mstaafu, alikuwa na Datsun ya kijani yenye umri uleule. Mwaka ule maji ya bomba yalifunguliwa mtaani siku mbili tu kwa juma, Jumatatu na Jumatano. Kila Jumatano, akina mama wakishajaza mapipa, Tshuma aliosha Datsun yake kwa ndoo moja, akaikausha, akaisugua sehemu moja tu: juma hili mlango, juma lijalo paa. Hakuwahi kuonekana ana haraka. Mabhena aliegemea ua akamweleza kwamba nta ile yake ni ya kupaka matrekta, na haina hadhi ya kugusa kijani.

"Inawezekana," alisema Tshuma bila kuinua kichwa. "Na gari langu halina hadhi, ndiyo maana wamepatana."

Julai ilipoanza, Mabhena alisikia kwamba Johannesburg kuna nta moja ngumu, itokanayo na majani ya mti wa Brazili, iliyotengenezwa hasa kwa magari ya rangi nzito. Aliyemwambia hakuwahi kuiona. Hilo halikumzuia Mabhena kutangaza kwamba makopo tisa yote ni takataka, akaiagiza nta hiyo kwa malayitsha, wale madereva wanaotuletea mizigo kutoka Afrika Kusini. Tangu hapo hakuligusa gari tena. MaDube alipomkumbusha kwamba hata kama nta iko safarini, kuosha na kupiga polishi kunaweza kutangulia, alisema vumbi la Agosti lingerudi kesho yake, ya nini kurudia kazi. Jumatano ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya tatu. Kwa upande mwingine wa ua, Datsun iliendelea kuoshwa.

Agosti ikaingia na upepo wake. Malayitsha alipiga simu kusema gari lake limevunjika ekseli ng'ambo ya mji wa Gwanda na vipuri vinasubiriwa. Mabhena alikaa barazani akingoja simu nyingine. Mtu yeyote angeona kwamba polishi tano kati ya yale makopo tisa zingefaa, na kwamba nta yoyote kati ya nne zilizobaki ingetosha. Mabhena mwenyewe alikuwa akilijua hilo. Ila alikuwa ameshayasema vibaya mno mbele za watu, na sasa alisita kuonekana akiyatumia.

Nta ilifika Ijumaa saa sita mchana, siku moja kabla ya harusi. Maji yalikuwa yamefungwa tangu Jumatano, na yaliyokuwa mapipani yalikuwa ya kupikia wageni. MaDube hakutoa hata kikombe. Mabhena akalifuta gari kwa kitambaa kikavu, na mchanga ukachora mistari kwenye kila mlango. Muda wa polishi haukuwapo. Akapaka nta ya Johannesburg juu ya rangi iliyokufa, kwa tabaka nene, jua likiwa utosini. Iliganda kabla hajaifikia kuifuta. Alisugua mpaka jasho likamwingia machoni, na gari likabaki na ukungu mweupe, huku vile vyumba tisa vya boneti vikichungulia chini yake.

Nobukhosi alifika saa kumi, nywele zikiwa zimekwisha kusukwa. Alilizunguka gari lote mara moja. Akapitisha kiganja juu ya mlango wa nyuma, upande aliozoea kukaa, na kiganja kikarudi cheupe.

"Baba," alisema, "nilikupa miezi mitatu."

"Mwanangu, nta yenyewe imekuja leo."

Nobukhosi alitazama yale makopo tisa dirishani, akamtazama baba yake. Hakugombana naye, na hilo lilimwuma Mabhena kuliko kutukanwa. Alikwenda uani akasimama pale baba yake alipozoea kuegemea, akaita.

"Baba Tshuma, shikamoo. Kesho asubuhi una safari?"

Asubuhi ya Jumamosi ilikuwa Datsun iliyofungwa utepe mweupe. Akina mama walipiga vigelegele, na mmoja wa wale shangazi, kabla ya kuingia kwenye gari lake jeupe, aliinama akarekebisha kilemba chake kwa kujitazama mlangoni mwa Datsun. Shangazi huyo alitamka kwamba hajaona kijani kizuri namna ile. Nobukhosi aliketi nyuma katika shela lake, MaDube kando yake akimshika mkono. Mabhena, kama baba wa bibi harusi, aliketi mbele karibu na Tshuma. Alikuwa na aibu, na alistahili kuwa nayo. Mwanawe alikuwa akienda kanisani kwa gari la kijani kama alivyotaka, na lilikuwa la mtu mwingine.

Walikwenda mpaka njia panda ya reli, wakasimama kupisha mabehewa ya makaa. Mabhena alikuwa akiitazama boneti ya Datsun iliyokuwa mbele yake, mawingu yakipita ndani yake. Akakohoa.

"Tshuma, hiyo nta yako inaitwaje?"

"Sijui," alisema Tshuma. "Jina lilifutika kwenye kopo zamani sana. Mimi huwa napaka tu."

Behewa la mwisho likapita, Tshuma akatia gia. Nyuma, bibi harusi aligeuzia uso wake dirishani, na mama yake akamkaza mkono. Mabhena alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba Jumatatu angekuja kulitazama kopo lile upande wa chini, huenda bado kuna namba ya kiwanda. Mchagua jembe si mkulima.