Siku Salome Aliposema "Kata"

Usiseme "kata" mbele ya mwenye panga. Bibi Mwantumu aliwatupia wajukuu zake maneno hayo alipowakuta wakichochea kwenye simu ugomvi wa wasanii wawili wasiowajua hata kwa salamu. Wakamwuliza methali hiyo imetoka wapi, mbona shuleni hawakufundishwa. Akavuta kiti, akawapa chanzo chake.

Palikuwa na mwongozaji wa filamu mjini Morogoro, Salome Mhando, mwanamke mchapakazi ila mwenye haraka ya sifa. Alipewa kazi ya kutengeneza filamu ya televisheni juu ya wachanaji wawili, yaani waimbaji wa rap, wanaogombea ufalme wa muziki huo. Waigizaji walikuwepo tele, lakini Salome hakutaka ugomvi wa kuigiza. Akawachukua Mbaruku na Ezekia, wachanaji wa kweli wenye bifu la kweli.

Mwanzoni bifu lenyewe lilikuwa dogo, la kutoleana macho tu, na kamera haikuliona. Salome akaanza kulipalilia. Mbaruku akipakwa poda, alimnong'oneza kwamba Ezekia anamwita mchanaji wa harusi. Akifika kwa Ezekia, alimwambia Mbaruku anadai mistari yake yote ni ya wizi. Picha zikanoga. Vijana wakaacha kula pamoja, kisha wakaacha kusalimiana, na Salome mwenyewe usingizi ukaanza kumpaa. Alijua moto aliouwasha. Alijipa moyo tu kwamba imebaki sehemu moja, ile ya mwisho.

Sehemu hiyo ilipangwa kupigwa picha nyuma ya ghala bovu la pamba, mahali palipoota majani hadi kiunoni. Akaletwa Shomari, kaka yake Mbaruku, mtu mpole aliyeishi kwa kufyeka viwanja na ambaye hakuwahi kuona filamu ikitengenezwa. Asubuhi nzima Salome alitembea naye akimwonyesha kwa kidole: kata hapa, kaka, kata na pale. Shomari akakata. Alipomaliza aliomba abaki amtazame mdogo wake, na Salome, mawazo yakiwa kwingine, akamkubalia. Hakuangalia mkononi ameshika nini.

Kamera zikawashwa. Mbaruku alikuwa na panga la boksi lililopakwa rangi ya fedha. Ezekia akaanza kuchana, na kwa muda alifuata aliyoandikiwa. Halafu akayaacha. Akamkazia Mbaruku macho, akamchania mama yake, aliyezikwa mwaka uliotangulia, mambo ambayo hata mlevi hayasemi mbele za watu.

Mbaruku alikuwa anatetemeka mwili mzima, na Salome alitaka jambo moja tu, kila kitu kisimame kabla damu haijamwagika. Akapaza sauti kama alivyozoea kusimamisha kamera.

"Kata! Kata!"

Mbaruku akashusha panga lake la boksi. Ezekia akanyamaza. Lakini pembeni Shomari alishachomoka, panga la kweli likiwa juu, na Ezekia amempa mgongo. Salome alitaka kumzuia akakosa neno, maana neno alilokuwa nalo mdomoni ni lile lile. Ni Mbaruku aliyejitupa katikati na boksi lake. Panga likalipasua, likamfikia mkononi. Shomari alipoiona damu ya mdogo wake aliliachia panga, akakaa chini juu ya majani aliyoyakata. Ezekia akavua shati, akamfunga mkono yule aliyekuwa amemtukania mama, huku akilia bila kuona haya.

Mkono ulishonwa ukapona, ila vidole viwili havikukunjika tena. Pale hospitali, wakisubiri, Salome alimwuliza Shomari kwa upole ni shetani gani aliyempanda.

"Dada, mimi nilikuwa nimejizuia," Shomari alisema. "Nilijiambia, hapa kuna wakubwa, wao ndio watakaosema la kufanya. Ukasema kata. Tangu asubuhi ukisema kata, mimi nakata."

Salome alifungua mdomo amweleze neno lile lina maana gani kwa watu wa filamu, kisha akaufunga. Neno lingeelezeka. Hasira aliyoinoa yeye mwenyewe siku zote zile angeielezaje? Filamu haikuonyeshwa, na tangu hapo Salome alisimamisha kamera kwa kusema "basi", tena kwa sauti ya chini. Watu wa mtaani ndio waliobaki na msemo.

Bibi Mwantumu akawatazama wajukuu zake mmoja mmoja.

"Sasa nyie mnaoandika huko 'mmalize, mmalize'," akasema, "mnajua anayesoma ameshika nini mkononi?"

Usiseme "kata" mbele ya mwenye panga.